Kaza cheni shokapu zikiwa nje

Kwa mnaojitengenezea pikipiki ya mashindano ya vumbi nyumbani: ukishafunga shokapu ndefu za nyuma, achana na kipimo cha ulegevu wa cheni cha kiwandani. Kilitolewa kwa shokapu za awali. Sasa tairi linapanda na kushuka zaidi, na umbali kati ya sproketi mbili (gia za cheni, ya mbele na ya nyuma) hubadilika kadiri linavyocheza.

Pandisha pikipiki kwenye stendi, toa shokapu za nyuma, kisha inua tairi polepole mpaka vitu vitatu vikae mstari mmoja: kitovu cha sproketi ya mbele, bolti inayoshika uma wa nyuma (mkono unaobeba tairi) kwenye fremu, na ekseli. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko popote. Iachie ulegevu wa milimita 10 hadi 15 katikati, kaza ekseli, rudisha shokapu. Tairi likining'inia, pima ulegevu upya na uandike namba hiyo kwenye uma kwa rangi. Itakuwa kubwa, na fundi jirani atakuambia cheni imelegea. Mwache aseme. Namba hiyo utaitumia hadi utakapobadilisha sproketi au shokapu.

Cheni iliyokazwa kupita kiasi, ukitua kutoka kwenye tuta, hukatika au hula beringi iliyo nyuma ya sproketi ya mbele. Kuifikia beringi hiyo, mara nyingi ni kupasua injini.

Kabla ya kurudisha shokapu, hakikisha pia tairi likipanda haligusi madigadi, na likishuka halivuti kebo ya breki.