Jinsi ya kujua kama mwanasiasa kweli alikuwa fundi nguo au ni stori za kampeni tu

Wanasiasa wanapenda sana kusema walianza chini, na kwa wengi wa zamani hiyo chini ilikuwa nguo. Huyu alishona, yule alifuma, mwingine alikuwa na duka la mashati. Sasa kama unaandika wasifu wa mtu wa hivo, au unakusanya orodha ya wanasiasa waliopitia pamba na sindano, usikubali "alifanya kazi ya nguo" ikupite hivi hivi. Swali la kwanza ni moja tu: mikono yake ilikuwa inashika nini? Uzi, kitambaa, mkasi au daftari la mauzo? Ukishajibu hilo hata mengine yanakuja yenyewe.

Kwahiyo anza kwa kumweka mtu kwenye hatua yake. Pamba au sufu inachanwa, inasokotwa, inafumwa, kitambaa kinatiwa rangi au kuchapwa maua, afu kinakatwa, kinashonwa, kinauzwa. Millard Fillmore, rais wa 13 wa Marekani, yuko huku mwanzoni kabisa, maana akiwa na miaka 14 aliwekwa uanagenzi kwa mtengeneza vitambaa, akaja kuhamia kwenye kinu cha kuchana sufu, na baadaye akalipa dola 30 ili aachiwe kwenye mkataba akasome sheria. Harry Truman, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, yuko mwisho wa mnyororo. Yeye na Eddie Jacobson, rafiki yake wa jeshini, walifungua duka la mashati, tai na kofia Kansas City mwishoni mwa 1919, wakati watu bado wana hela za baada ya vita, halafu uchumi ukaanguka wakabaki na mali waliyoinunua kwa bei ya juu, na 1922 duka likafa. Mwaka huohuo akashinda uchaguzi wa ujaji wa kaunti ya Jackson, ambao licha ya jina ni kazi ya utawala, barabara na bajeti, na madeni ya duka akaendelea kuyalipa kwa miaka mingi. Stori nzuri sana, ila ukimwita Truman fundi nguo umeharibu, yule alikuwa muuza duka.

Ukipata hatua, nenda kwenye umri na muda. Mtu aliyekaa kiwandani miezi kadhaa kabla ya chuo sio sawa na J. R. Clynes, aliyeingia kiwanda cha pamba Oldham, Uingereza, akiwa na miaka 10 kama mtoto wa kuunga nyuzi. Hapa usiandike tu "alifanya kazi kiwandani" ukapita, eleza ile kazi yenyewe maana wasomaji wengi hawaijui. Mashine ya kusokota ilikuwa na behewa refu linatoka nje na kurudi ndani siku nzima, likitoka linavuta nyuzi kwa mamia, na nyuzi zinakatika ovyo. Mtoto anakimbia nalo huku ameinama juu yake, anashika ncha mbili anazisokota kwa vidole kabla behewa halijarudi, anatembea pekupeku maana sakafu imejaa mafuta na viatu vinateleza. Huyo ndo alikuja kuongoza chama cha Labour, chama cha wafanyakazi cha Uingereza, 1921 hadi 1922, na kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani 1929.

Ushahidi sasa. Wasifu rasmi wa mwanasiasa uweke wa mwisho kwenye foleni, tafuta kwanza karatasi zilizoandikwa kabla hajawa mtu mkubwa, kwasababu wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpamba: mikataba ya uanagenzi, daftari za sensa, vitabu vya ada za chama cha wafanyakazi, matangazo ya magazeti. Mfano mtamu kuliko yote ni Andrew Johnson, rais wa 17 wa Marekani. Alizaliwa Raleigh, North Carolina, 1808, familia maskini, na angali mtoto akafungwa kwa mkataba kwa fundi nguo aitwaye James Selby mpaka afikishe miaka 21. Mwaka 1824 yeye na kaka yake William wakatoroka. Selby akaweka tangazo gazetini, zawadi ya dola 10 kwa atakayewarudisha wote wawili, na akaongeza kwamba hata akirudishwa Andrew peke yake atalipa zilezile 10! Yaani tangazo moja limekupa jina la bosi, aina ya kazi, mwaka, na dalili kwamba yule dogo sindano ilikuwa imeshamkaa mkononi. Hakuna hotuba ya kampeni inayoweza kukupa hayo yote. Johnson alikuja kufungua karakana yake Greeneville, Tennessee, akawa diwani 1829 na meya 1834, na jengo la karakana lipo mpaka leo linatunzwa kama makumbusho. Ukiona mtu ana mkataba, tangazo na jengo, andika kwa kujiamini.

Sasa hapa ndo sehemu ambayo waandishi wengi wanairuka na mi naona ndo yenye utamu: eleza kazi ilimfikishaje kwenye siasa. Usiishie kusema ilimfundisha bidii, bidii kila kazi inafundisha. Kushona kwa mkono ni kazi ya kimya, mikono inashughulika ila masikio yapo huru. Kule Raleigh watu walikuwa wanakuja karakana kuwasomea mafundi hotuba wakati wanashona, na Johnson ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja alianza kupenda maneno hapohapo. Kule Greeneville karakana yake ikawa kijiwe cha wanaume kubishana siasa, na mkewe Eliza, waliyeoana 1827, ndo akamsaidia kwenye kuandika na hesabu. Fundi nguo anaonana na kila mtu mjini, anawapima mabega, anajua nani analipa na nani anakopa. Kwa mtu wa kuomba kura ule ni mtaji.

Kwenye kiwanda cha kufuma mambo ni kinyume kabisa. Mitambo inapiga kelele kiasi kwamba wafumaji wa Lancashire, eneo la viwanda vya pamba Uingereza, walikuwa wanaongea kwa kusoma midomo, wanatanua midomo na kuonyesha kwa mikono toka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Hapo hakuna wa kukusomea hotuba. Siasa iliingia kwa mlango wa mshahara: mfumaji analipwa kwa kipande, na bei ya kipande inategemea upana wa kitambaa, idadi ya nyuzi kwa inchi, aina ya uzi na vingine kibao, hesabu ambayo mfanyakazi wa kawaida hawezi kuikagua akiwa kazini. Kwahiyo chama cha wafumaji kilihitaji katibu anayejua hesabu kwelikweli, na kuna sehemu waombaji walikuwa wanafanyishwa mtihani kabisa. Mtu wa hivo akishazoea kukaa mezani na wenye viwanda, bunge linakuwa hatua ya pili tu. David Shackleton alipita njia hiyo, alianza kiwandani akiwa mtoto, akapanda kwenye chama, na 1902 akaingia bungeni kwa jimbo la Clitheroe bila kupingwa. Usisahau kuandika kwamba wanachama wengi wa vyama vile walikuwa wanawake, ada zao zikamtegemeza mbunge ambaye wao wenyewe hawakuruhusiwa kumpigia kura, maana wanawake Uingereza walianza kupata kura ya bunge 1918, tena sio wote.

Halafu kuna majina ya utani. Nathaniel Banks wa Massachusetts, Marekani, alifanya kazi utotoni kwenye kiwanda cha pamba Waltham, akaja kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi 1856, na maisha yake yote aliitwa mtoto wa kubeba vibiringo vya uzi. Kazi ilikuwa ya kweli, sawa, lakini jina lilidumu kuliko kazi kwasababu lilikuwa linaleta kura. Ukikutana na jina la utani zuri sana, jiulize nani alikuwa analitangaza.

Na kuna kesi ngumu zaidi ya hiyo, mtu anayejitaja mwenyewe. Gandhi aliposhtakiwa 1922 kule Ahmedabad aliulizwa kazi yake, akajibu ni mkulima na mfumaji. Kila mtu anajua alisomea uwakili London. Je, alidanganya? Mi nasema hapana, alikuwa anasokota kwelikweli na kitambaa cha mkono kilikuwa silaha yake dhidi ya nguo za viwanda vya Uingereza, ila lile jibu ni tamko la siasa na sio historia ya ajira. Mtu kama huyo muweke kwenye orodha yako na maelezo pembeni, au umtoe, ila usimchanganye na Clynes.

Umoja wa Kisovieti nao una mtego wake. Kule kuwa mfanyakazi wa kiwanda ilikuwa cheti, kwahiyo wasifu rasmi unavuta sana miaka ya kiwandani. Yekaterina Furtseva alifuma akiwa kijana, baadaye Waziri wa Utamaduni toka 1960 hadi 1974. Valentina Tereshkova, aliyeenda angani Juni 1963 na kisha kukaa sana kwenye siasa, alikuwa kiwanda cha nguo Yaroslavl, na mama yake pia. Hao sawa. Ila Alexei Kosygin, Waziri Mkuu 1964 hadi 1980, ukimwita mfumaji umekosea: alimaliza chuo cha nguo Leningrad 1935, akawa msimamizi kiwandani, 1937 mkurugenzi, na 1939 tayari kamishna, yaani waziri, wa viwanda vya nguo wa nchi nzima. Kasi hiyo sio kipaji peke yake, Stalin alikuwa amewafagia waliokuwa juu na viti vilikuwa vitupu. Andika yote mawili.

Watoto wa wafumaji waache nje, au wape safu yao. Philip Snowden, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Labour, wazazi walifuma, yeye alikuwa karani. Wenye viwanda pia safu yao, kina Richard Cobden, mwanasiasa wa Uingereza, na biashara yake ya vitambaa vya kuchapwa. José Alencar, makamu wa rais wa Brazil kuanzia 2003, atakusumbua maana alianza kijana kama muuzaji dukani akaishia kuwa mmiliki wa Coteminas, kampuni kubwa ya nguo. Muweke kote kuwili.

Mwisho weka nafasi ya kilichotokea baada ya siasa. Lilian Ngoyi wa Afrika Kusini alikuwa mshonaji wa mashine kiwandani na mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa nguo, 1956 akawa mmoja wa viongozi wa maandamano ya wanawake ya Agosti 9 Pretoria na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kamati kuu ya taifa ya ANC. Serikali ya makaburu ikamfungia kwa amri za kumzuia kutoka na kukutana na watu, kwahiyo akawa anashona nyumbani Soweto ili ale. Ukiishia 1956 msomaji atadhani kushona kulikuwa ngazi aliyoshapita, wakati kwake ilikuwa riziki kabla na baada. Kwahiyo unapojaza tarehe za kazi ya mtu, acha nafasi ya mara ya pili, na kama alirudi kwenye sindano kwa kulazimishwa sema nani alimlazimisha.