Kubadili mfumo endeshi wa seva iliyo mbali, isiyo na skrini

Usifute mfumo wa zamani kwanza. Sakinisha mpya kwenye kizigeu kingine (sehemu nyingine ya diski), uweke humo ufunguo wako wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) na anwani ileile ya IP. Kwenye GRUB (programu inayochagua mfumo wa kuwasha) weka GRUB_DEFAULT=saved, wa zamani ukiwa chaguo la kudumu, kisha uite mpya kwa grub-reboot: utawaka mara moja tu, seva ikijiwasha tena inarudi kwa wa zamani. Kigezo cha kuwashia panic=10 huiwasha upya seva sekunde 10 baada ya kerneli (kiini cha mfumo) kuanguka. Ila mara nyingi kinachokufa ni mtandao (jina la kadi ya mtandao, eth0, limegeuka enp3s0, basi umefungiwa nje). Kwa hiyo mfumo mpya uendeshe shutdown -r +15 mara unapowaka, ili seva ijiwashe tena baada ya dakika 15 na kurudi kwa wa zamani. Ukifanikiwa kuingia, ghairi kwa shutdown -c.