Kula mkahawani Korea Kusini: mambo ya kujua kabla hujaagiza

Wengi wetu tunaofika Korea Kusini kwa masomo, kazi au matembezi huishia kula tambi za dukani na kuku wa kukaanga, kwa sababu mkahawa wa mtaani unatutia woga. Ni hasara kubwa. Chakula kizuri cha nchi ile kinapikwa kwenye vimikahawa vidogo vya familia, vyenye menyu ya Kikorea tupu ukutani. Pakua Papago, programu ya kutafsiri, uielekeze kamera ya simu kwenye menyu, nawe utasoma. Kutafuta mahali tumia Naver Map au KakaoMap, maana Google Maps kule haitoshi. Na angalia saa: mikahawa mingi hufunga jiko alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja.

Ukiweza, nenda na mwenzako. Nyama ya kuchoma mezani na michuzi inayochemkia mbele yenu huuzwa kuanzia watu wawili. Ukifika peke yako utaambiwa ulipie sehemu mbili, au utaambiwa haiwezekani. Usidhani ni kwa sababu ya rangi yako. Mkorea aliye peke yake naye huambiwa vivyo hivyo. Siku ukiwa mwenyewe, tafuta wanaouza bakuli moja moja: bibimbap (wali uliochanganywa na mboga), kalguksu (supu ya tambi), seolleongtang (supu ya mifupa ya ng'ombe).

Utakaa mbele ya meza isiyo na kitu. Vuta droo iliyo ubavuni mwa meza, humo mna vijiko na vijiti vya chuma pamoja na tishu. Maji mara nyingi unajichotea. Kumwita mhudumu, bonyeza kengele ya mezani. Kama haipo, paza sauti useme "yogiyo". Kwetu kumpigia mhudumu kelele ni kukosa adabu, lakini kule ukinyamaza utakaa sana. Ukishaagiza, vitajaa visahani vya kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), mchicha, chipukizi za soya, dagaa wakavu. Hivyo havilipiwi, na vikiisha unaongezewa bure. Omba utakachomaliza tu, maana kubakiza hakupendezi.

Suala la nguruwe linahitaji umakini. Samgyeopsal, wanayokuchomea kila mtaa, ni nyama ya tumbo la nguruwe. Lakini anayemponza mgeni ni yule asiyeonekana: jajangmyeon, ile tambi yenye mchuzi mweusi, huwa na vipande vyake, kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi, hupikwa naye mara nyingi, mandu, zile sambusa za Kikorea, huwa naye ndani, gimbap, wali uliofungwa kwa mwani, huwekewa hemu, na mchuzi wa budae jjigae umejaa soseji. Hifadhi sentensi hii kwenye simu umwonyeshe mhudumu: 돼지고기 들어가요? Maana yake, je, kuna nguruwe ndani? Mimi nashauri uulize hivyo badala ya kuomba wamtoe. Kama supu imechemshwa kwa mifupa yake, kutoa minofu hakusaidii kitu.

Kwa Mwislamu, hata ng'ombe na kuku wa mkahawa wa kawaida si wa kuchinjwa kihalali, na viungo vya kulowekea nyama mara nyingi hutiwa mvinyo wa kupikia. Nenda Itaewon, Seoul, kwenye mtaa unaopanda kuelekea Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1976. Migahawa ya halali imejipanga pale. Kwingineko, samaki vibua wa kuchoma, godeungeo-gui, ni mlo wenye mashaka machache. Nanyi Wasabato, jihadharini na kimchi yenyewe: kwa kawaida hutiwa uduvi wa chumvi au mchuzi wa samaki. Mikahawa ya chakula cha watawa wa Kibudha haitumii nyama wala samaki.

Ukialikwa na mwalimu wako au bosi, adabu nyingi utazikuta unazijua: mkubwa ndiye anayeanza kula, na kitu unakitoa na kukipokea kwa mikono miwili. Mkubwa akikumiminia, shika glasi kwa mikono yote miwili, kisha geuza uso pembeni unapokunywa. Kama hunywi pombe, sema mapema na omba soda. Wali huliwa kwa kijiko, na bakuli lake hubaki mezani halinyanyuliwi. Usichomeke vijiti wima kwenye wali, maana hivyo hufanywa kwenye ibada ya wafu. Nyama iliyoiva unaifunga kwenye jani la saladi pamoja na kitunguu saumu na kidonge kidogo cha ssamjang, rojo ya soya yenye pilipili, unaikusanya kwa vidole na kuitia kinywani yote kwa mara moja. Hapo sisi tuliozoea kula kwa mkono tunajisikia nyumbani.

Bili inalipwa kaunta wakati wa kutoka, na bei ya menyu ndiyo bei kamili. Bakshishi haipo; ukiiacha fedha mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie. Beba kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, kwa sababu mashine nyingi za kuagizia mlangoni hazipokei noti.