Ukitaka kulinganisha maisha ya Walatvia na Waaleuti, anzia hapa

Watu wengi wanakimbilia pato la kila mtu, wanachukua namba ya Latvia wanaiweka pembeni ya namba ya Alaska, jimbo la Marekani wanakoishi Waaleuti wengi, basi wanaona kazi imeisha. Hapana jamani. Latvia ni nchi kamili, watu kama milioni 1.9, iko Umoja wa Ulaya tangu 2004 na wanatumia yuro tangu 2014. Waaleuti, wenyeji wa asili wa visiwa vya Aleuti, wenyewe wanajiita Unangan, ni maelfu tu ndani ya Marekani na wachache Urusi, kwa hiyo namba za Alaska nzima haziwahusu sana, shuka mpaka kijiji.

Chukua kisiwa cha St. Paul, huko Alaska, wanakoishi Waaleuti. Mji ule ulitegemea sana kodi ya uvuvi wa kaa, mwaka 2022 msimu wa kaa wa theluji ukafungwa kwenye Bahari ya Bering, na hapo ndo unaona hela ya huduma zote ilikuwa inatoka mlango mmoja. Latvia ina milango mingi: mbao, usafirishaji, teknolojia.

Kisha bei. Usilinganishe mishahara kabla hujauliza maziwa yanafikaje, maana visiwani yanakuja kwa ndege au meli.

Na historia usiiruke kabisa! Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwahamisha Waaleuti 881 kwenye makambi mabovu, karibu mmoja kati ya kumi akafia huko, fidia ikapitishwa 1988. Walatvia nao, Machi 1949 zaidi ya 42,000 walipelekwa Siberia kwa nguvu na utawala wa Kisovieti. Muulize kila upande nani alirudi, na alikuta nini nyumbani.