Kuandaa midia ya kukomazia mayai ya ng'ombe na kukuzia viinitete

Viinitete vinapokufa maabara, watu hukimbilia kubadilisha fomula ya midia, yaani maji yenye virutubisho ambamo mayai na viinitete hukaa. Mara nyingi kosa liko kwenye pH (kipimo cha asidi), uvukizi au mafuta yanayofunika midia. Anza kukagua huko.

Midia ya kukomazia, mililita 100: TCM-199 (midia ya msingi inayouzwa tayari) yenye chumvi za Earle mililita 89, seramu ya ndama asiyezaliwa mililita 10, na mililita 1 ya piruveti (chakula cha seli) iliyoyeyushwa kwa kiasi cha miligramu 22 ndani ya mililita 10 za maji. Tia jentamisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5. Ikiwa TCM-199 ni ya unga, kila lita inahitaji bikaboneti ya sodiamu gramu 2.2, ya maji kwa kawaida imeshatiwa, soma lebo kabla ya kuongeza. Osmolaliti, yaani kipimo cha wingi wa chumvi na vitu vilivyoyeyuka, iwe kati ya miliosmoli 280 na 290 kwa kilo. Chuja kwa chujio la mikromita 0.22, na matone ya kwanza yamwage, kwani chujio huachia kemikali zake.

Homoni hutiwa siku ya kazi. FSH, homoni inayochochea ukuaji wa mayai, hutofautiana nguvu kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo fuata karatasi yake. Estradioli, homoni ya kike, mikrogramu 1 kwa mililita, huyeyushwa kwanza kwenye ethanoli. Hii hupenda mafuta kuliko maji: ukifunika midia kwa mafuta, sehemu kubwa hukimbilia huko na mayai hukosa. Ndiyo maana ni bora kukomazia kwenye visahani vya visima vinne bila mafuta, mikrolita 500 kwa kila kisima, mayai 40 hadi 50. Weka visima kwenye inkubeta saa 2 hadi 4 kabla ya mayai kuingia: nyuzi 38.5, kaboni dioksidi 5%, unyevu wa kutosha. Baada ya saa 22 hadi 24, seli zinazolizunguka yai zinapaswa kuwa zimetanuka kama ute. Zikibaki zimeshikamana, shuku homoni kwanza.

Midia ya kukuzia viinitete baada ya mayai kurutubishwa, iitwayo SOF, ina mtego wake. Kalisi ikikutana na fosfati na bikaboneti zikiwa nzito, hufanya vumbi jeupe chini ya chupa. Iyeyushe peke yake, uimimine mwisho, polepole, huku ukikoroga. Albumini ya ng'ombe (protini ya damu) isiyo na asidi za mafuta, miligramu 4 hadi 8 kwa mililita, inyunyizwe juu na kuachwa izame yenyewe. Ukiitikisa hutoa povu. Glutamini, mojawapo ya asidi amino, huoza na kutoa amonia kadiri midia inavyokaa kwenye joto, kwa hivyo aina iliyounganishwa na alanini ni salama zaidi. Glukosi iwe kidogo, kwa sababu kiinitete cha siku za mwanzo hutegemea piruveti na lakteti.

Matone ya mikrolita 50 yafunikwe kwa mafuta mara moja. Usiweke matone ishirini ndipo ukumbuke mafuta: tone likikaa wazi dakika chache tu, maji yanapungua na chumvi inapanda. Acha visahani ndani ya inkubeta usiku kucha, maana gesi hupita kwenye mafuta taratibu. Kisha weka viinitete 20 hadi 25 kwa tone, oksijeni ikiwa 5%, si ile 20% ya hewa ya kawaida. Midia hii haivumilii kukaa mezani, kwani kaboni dioksidi hutoroka na pH hupanda. Kwa kazi ya darubini tumia midia yenye HEPES, kemikali inayoshikilia pH nje ya inkubeta, nayo ikae mbali na mwanga mkali. Na walio kwenye nyanda za juu wasitegemee namba ya 5% ya kaboni dioksidi: shinikizo la hewa ni dogo huko, wapime pH yenyewe, iwe kati ya 7.2 na 7.4.

Saa 48 baada ya kurutubisha, hesabu yaliyogawanyika. Yasipogawanyika, tatizo liko kwenye ukomavu au mbegu. Yakigawanyika vizuri kisha yakasimama kwenye seli 8 hadi 16, hapo ndipo jeni za kiinitete chenyewe huamka, na midia ya kukuzia au mafuta ndiyo ya kuulizwa. Chupa mpya ya mafuta ijaribiwe sambamba na ya zamani, kwa mayai ya kundi lilelile, kabla ya kuiamini.