Mnataka kuanzisha klabu ya kusaidia jamii shuleni? Anzeni hivi

Kwanza msisubiri shule nzima ikubali, watu kumi wanatosha kabisa, hata Roots & Shoots, ule mtandao wa klabu za vijana wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ilianzia hapa hapa Dar mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu na leo iko nchi kibao. Tafuteni ticha mmoja wa kuwalea, yule mnayeweza kumwambia ukweli, afu yeye ndo aende na barua kwa mkuu wa shule, maana mkipeleka wenyewe inaweza ikalala mezani mpaka mfunge.

Viongozi msichague kwa umaarufu. Kaka mkuu na dada mkuu wana mizigo yao tayari, muangalieni yule dogo wa form two asiye na makelele ambaye ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, huyo ndo mweka hazina wenu.

Sasa hela, hapa ndo klabu nyingi zinafia. Chukueni kibubu chenye kufuli, kibubu akae nacho mweka hazina, funguo akae nayo ticha. Siku ya kufungua wawepo watatu, mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika kwenye kaunta buku tarehe, darasa na kiasi, wote wanasaini hapo hapo kabla hata hamjanyanyuka. Ijumaa mstarini mtu asimame asome kwa sauti, form one B elfu kumi na mbili mia tano, tumenunua hiki, imebaki hiki. Mtu akisikia jero yake imetajwa wiki ijayo analeta mwenyewe. Na msimlazimishe mtu jamani, kuna mwenzenu hata hela ya uji hana, huyo akija siku ya kufanya usafi amechanga kama wengine.

Kabla hamjanunua chochote pigeni simu kwenye kituo cha kulea watoto mnachotaka kukisaidia muulize wamepungukiwa nini. Watu wanajibebea tu masweta yasiyo na vifungo na kiatu cha kushoto peke yake, yani wanahamisha takataka zao afu wanataka washukuriwe. Mkiuliza mnaweza kuambiwa sabuni, pedi, madaftari, vitu vya kawaida tu. Ulizeni na mwezi, maana Ramadhani, Krismasi na 16 Juni Siku ya Mtoto wa Afrika wageni wanapishana getini, mkienda Agosti au Septemba mnaweza kukuta stoo iko tupu.

Picha pigeni ya mzigo na risiti, watoto waacheni, we ungependa sura yako izunguke kwenye status za watu ukipokea mche wa sabuni?

Risiti zibandikwe ubao wa matangazo. Na form four wakabidhi kaunta buku na kibubu kwa form three kabla ya mock, mbele ya ticha, hela ihesabiwe upya, maana wakishaingia kambi ya Necta hao huwapati tena.