Kabla ya kunakili fasili kwenye TFC yako

Wanafunzi wa ualimu wa Bukavu, sura ya kwanza ya TFC (travail de fin de cycle, kazi ya utafiti ya kumaliza masomo) isiwe ghala la fasili. Kila unayoichukua, iulize kwanza inafanya kazi gani. Israel Scheffler, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alitenganisha aina 3 mwaka 1960, na hadi leo zinafaa sana.

Ya kwanza ni fasili ya makubaliano: "Katika kazi hii, 'mtoro' ni aliyekosa siku 10 kwa muhula." Hiyo ni yako, ila uifuate hadi ukurasa wa mwisho. Ya pili ni ya maelezo, inayosema watu hulitumiaje neno. Hii unaweza kuipima kama ni sahihi.

Ya tatu ndiyo ya kuangalia kwa makini: ya kiprogramu. Inavaa nguo ya maelezo kumbe inaamua jambo. Chukua "elimu ya bure", ambayo serikali ya Kongo (DRC) ilianza kuitekeleza katika shule za msingi za umma mwaka 2019. Ukiandika kwamba ni "kutolipa ada ya shule", umeshawaachia wazazi sare, madaftari na kalamu. Ukiandika "mzazi asitoe hata franka", umeidai serikali bajeti nyingine kabisa. Hapo kamusi haikusaidii, maana ni suala la haki na pesa. Kwa hiyo ongeza aya moja chini ya fasili kama hiyo: nani anafaidika nayo, nani anabeba mzigo, na kwa nini wewe umeichagua. Mwelekezi wako ataanzia hapo kuuliza.